Nyayo Ndani ya Damu ya Shangazi

Wiki ile wanawake wote wa kituo chetu cha maziwa ya ngamia, hapa mtaa wa Wabera mjini Isiolo, walikataa kunywa maziwa, na aliyesababisha ni mimi.

Kazi yangu pale ilikuwa kupokea mitungi inayoletwa na magari ya Garbatulla. Nanusa, naonja kidogo, halafu nachanganya kijiko cha maziwa na kijiko cha spiriti kwenye kikombe cha kioo, natazama. Yakishika mabonge, mtungi unarudi kwa mwenyewe. Yakitulia, unaingia kwenye friza, unangoja basi la Nairobi. Kwa kazi hiyo nilikuwa nimejinunulia koti jeupe la mtumba, lenye mikono mirefu kiasi kwamba nilikuwa naikunja mara mbili. Wanawake waliniita daktari. Siku maziwa yao yamepita waliniita kwa mapenzi, siku yamerudi waliniita kwa sauti nyingine, lakini mimi niliitika zote mbili kwa furaha ile ile. Shule yangu iliishia kidato cha pili, mwaka ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba. Daftari langu la biolojia bado ninalo. Nilikuwa na ndoto ya kufanya kazi maabara, na sikuona ni kwa nini ndoto hiyo isingoje kidogo huku mimi nikichanganya spiriti.

Basi asubuhi moja akaja sista kutoka hospitali, mwanamke wa Kimeru, mfupi, mwenye sauti inayoweza kumsimamisha mtu wa boda aliye ng'ambo ya barabara. Akasalimia habari zenu, wanawake wakajibu aleikum salaam kama vile alikuwa amesema salaam, akacheka, akaketi. Alisema kuna watafiti wanajaribu kipimo kipya cha saratani ya matiti. Hawatumii mashine ya kubana titi. Wanachukua damu tu mkononi, halafu wanatafuta ndani yake protini fulani ambazo uvimbe huo huziacha. Wanahitaji wanawake wagonjwa na wazima, wote. Baada ya damu, kila mmoja atapimwa titi kwa mkono, na mwenye uvimbe atapelekwa skani. "Kwa sababu hiki kipimo cha damu bado kinajaribiwa," akasema. "Hakijafika mahali pa kuaminiwa peke yake. Nani anaweza kunitafsiria kwa Kiborana?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Sehemu kubwa niliitafsiri vizuri, hata leo nasema hivyo. Nilikwama kwa neno moja, protini. Shuleni kwetu lilikuwa kwenye chati ukutani: mayai, maharagwe, nyama, maziwa. Kwa hivyo nikawageukia wanawake nikawaambia hawa watu wanatafuta foon na aanan kwenye damu, yaani nyama na maziwa.

Mzee mmoja wao, ambaye tangu azaliwe ameishi kwa maziwa ya ngamia, akauliza, "Wakiyapata?"

"Wakiyapata mengi, hapo kuna ugonjwa," nikajibu, kwa ujasiri wa mtu asiyejua anachosema.

Sasa unaelewa. Siku ya kutoa damu ilikuwa imepangwa wiki inayofuata, na katikati hapo hakuna aliyegusa maziwa. Walikunywa chai ya rangi. Walikula ugali na mboga ya majani, chakula ambacho kwetu mtu anakila akiwa safarini au akiwa amekosa. Mimi nikawasifu kwa bidii yao.

Lakini haraka yangu ya kutafsiri ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa shangazi.

Shangazi, au adada kama tunavyoita dada wa baba, ndiye mwenye mitungi mingi zaidi pale kituoni, na ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa na wiki tatu. Shangazi wakati huo alikuwa na mtoto wake mchanga, akatuweka wawili kifuani, mmoja titi hili mwingine lile. Mimi nilikuwa wa upande wa kushoto, na anasema nilikuwa na pupa. Siku kumi hivi kabla ya sista kuja, tulikuwa nyuma ya kituo tunaosha mitungi, jua kali, watu wengine wameenda kuswali adhuhuri. Akaniambia, "Intala, njoo hapa. Leta mkono." Intala ni binti. Akanivuta nyuma ya pazia la magunia, akaupitisha mkono wangu shingoni mwa dera lake, akauweka pale pale upande wangu, karibu na kwapa.

Nilikuta kitu kidogo kigumu, kama punje ya buna, kahawa ile tunayoikaanga nzima kwa samli wageni wakija. Nilijaribu kuisogeza. Haikutaka kusogea.

"Inauma?" nikauliza.

"Haiumi. Ndiyo maana si kitu."

"Tangu lini, adada?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe. Na nikisikia kwa mtu, nitajua imetoka kwa mdomo gani."

Nikamwambia twende hospitali siku hiyo hiyo. Akacheka. Kuna mwanamke anamjua, alienda akapapaswa na vijana watatu waliokuwa wanajifunza kazi, kila mmoja akaandika kitu, hakuna aliyemweleza neno. "Mimi si mbuzi wa siku ya soko," akasema, "kila mtu apite ashike halafu aende zake." Akarudi kwa mitungi. Mazungumzo yakaisha.

Kwa hiyo sista alipotaja damu, mimi nilisikia kama mtu anayesikia mvua kwenye bati. Nilisema moyoni, hii ndiyo njia. Hakuna kuvua nguo wala kushikwa na kijana. Tone la damu litaenda maabara, litasema kile ambacho shangazi hataki kusema, na mimi sitakuwa nimevunja ahadi. Nilimbembeleza mpaka akakubali. "Damu watachukua," akasema. "Mkono wa mtu, hapana."

Siku yenyewe ilipofika, wanawake walikaa kwenye benchi la kituo wakiwa wamenyauka. Mmoja alikuwa ameshika kichwa. Mwingine, sindano ilipomgusa tu, akaegemea ukuta akafunga macho. Sista akanivuta pembeni.

"Hawa mama wana nini leo? Wamefunga?"

"Wamefunga maziwa, sista," nikasema kwa fahari. "Na nyama."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Alinitazama, kisha akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa, akacheka mpaka machozi yakatoka, na wanawake wakaanza kucheka kwa kumwona yeye, bila kujua wanachekwa wao. Alipomaliza akajifuta, akasimama, akawaambia wote kwa Kiswahili cha polepole, na mimi nikitafsiri kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto. Protini hizi hazitoki kwa sufuria. Mwili wenyewe unazitengeneza, maelfu ya aina, kila moja na kazi yake, nyingine za kuponya kidonda, nyingine za kupeleka habari. Uvimbe mbaya ukiota, nao unatoa zake, au mwili unatoa za kupigana nao, na chache zinaingia kwenye damu, zinatembea nayo. Watafiti wanatafuta hizo chache katikati ya zingine zote. Maziwa ya asubuhi hayabadilishi kitu hapo.

Wanawake walitikisa vichwa, lakini niliona hawajashika. Ni shangazi aliyeshika. Kabla hajahamia mjini alichunga ngamia wa babu upande wa Garbatulla, na hakuna mwanamume wa rika lake aliyesoma mchanga kumshinda.

"Kumbe ni faana," akasema.

Faana ni nyayo. Wote wakageuka wakasema aaa, faana, ugonjwa unapita kwa damu na kuacha nyayo, hawa watu wanafuata nyayo. Sista akaniuliza wamesema nini, nikamwambia, akaliandika neno hilo kiganjani kwa kalamu. Nilikuwa na furaha siku ile, ingawa maziwa ya siku tano yaliyobaki bila kunywewa yalikuwa yameganda kuwa susa, maziwa ya kuchacha, na mimi ndiye niliyelaumiwa.

Furaha hiyo iliisha zamu ya shangazi ilipofika. Kulikuwa na fomu ya maswali, sista anauliza, mimi natafsiri, ingawa shangazi Kiswahili anakijua vizuri kuliko alivyotaka sista ajue. "Mwulize kama ameona uvimbe wowote kwenye titi, au chuchu kugeuka, au ngozi kubonyea."

Nikauliza. Shangazi akajibu kwa Kiborana kwamba hana kitu. Alinitazama machoni alipojibu, mtazamo wa mtu anayefunga mlango na kuuweka ufunguo mfukoni.

"Hana," nikamwambia sista.

Neno la herufi nne. Sista akatia alama kwenye fomu. Damu ikatoka, nyeusi kuliko nilivyofikiria, ikajaa mrija. Halafu ikawa zamu ya kupimwa titi kwa mkono, na nyuma ya pazia kulikuwa na daktari kijana, umri sawa na mtoto wa mwisho wa shangazi. Shangazi alipomwona akasimama.

"Gari la maziwa limefika," akasema.

"Mama, ni dakika tano tu," sista akamwambia.

"Nitarudi."

Gari lilikuwa linakuja kesho yake.

Ujumbe uliingia kwenye simu yake baada ya majuma kadhaa. Shangazi hasomi, kwa hiyo nilisoma mimi, tukiwa tumesimama kati ya friza na mlango. Ulisema kwamba kati ya protini zilizopimwa katika damu yake haikuonekana dalili ya kutia shaka. Nikavuta pumzi niendelee.

"Wacha hapo," akasema.

"Kuna ingine, adada."

"Hapo panatosha. Alhamdulillah."

Iliyobaki ilisema haya ni matokeo ya utafiti, hayachukui nafasi ya kupimwa na daktari, na mtu akiona badiliko lolote kwenye titi afike hospitali. Niliisoma kimoyomoyo nikiwa nimesimama. Yeye alikuwa ameshaenda kununua tende za kugawia wenzake. Alikuwa anawaambia, "Sista alicheka kufunga kwetu, si mnaona damu ilivyotoka safi?" Sijawahi kumwona mwepesi vile. Na mimi nikala tende yangu. Kwa nusu siku nzima nilitaka sana kuamini nusu ya ujumbe.

Lakini mkono wangu ulikuwa umeshika punje ile, na mkono hausahau haraka kama kichwa. Siku ya pili nilitoka Wabera kwa miguu mpaka hospitali. Sista alikuwa anakula githeri kwenye kikopo, nyuma ya ofisi.

"Nataka kuuliza kitu," nikasema. "Kuna rafiki yangu. Ana uvimbe. Alitoa damu ile yenu, ikasema hakuna kitu."

"Rafiki yako ana miaka mingapi?"

"Hamsini na tatu."

"Rafiki mkubwa," akasema. Akaweka kijiko chini. "Sikiliza. Kipimo hicho bado kinajifunza kutembea. Kinaweza kumwambia mzima kwamba ni mgonjwa, na mgonjwa kwamba ni mzima, ndiyo maana tunakijaribu. Uvimbe ukishashikwa kwa mkono, hatuulizi damu tena. Tunauangalia wenyewe. Skani, na kipande kidogo kinatolewa kwa sindano. Mlete."

Nikageuka niende zangu.

"Na siku ile, ulinitafsiria nini?"

Hapo nililia, na nililia vibaya, na kamasi. "Nilisema alichosema."

"Ni kweli, ulisema alichosema." Hakunikasirikia, na hilo liliniuma zaidi. "Sasa nenda ukaseme unachokijua wewe."

Nilirudi nimekaza moyo. Njiani nilijiapia kwamba shangazi hatalala na kitu hicho mwezi mwingine, hata akinifukuza kituoni, hata akitupa koti langu kwenye vumbi. Sikujua nitamwambia nini. Nilijua tu kwamba sitaacha kusema.

Siku ya kwanza nilimsomea ujumbe wote, mara mbili, kwa Kiborana. Alisikiliza huku anapanga vifuniko vya mitungi. "Unasoma sana," akasema, "kwa mtu wa kidato cha pili."

Siku ya pili nilijaribu kwa kazi yetu. Nikamwambia, "Adada, maziwa yakipita spiriti, tunaishia hapo? Si tunanusa pia? Si tunaonja?"

"Kwa hiyo mimi sasa ni maziwa."

"Sijasema hivyo."

"Wale wa hospitali wananiona mbuzi, wewe unaniona maziwa. Kesho nitakuwa nini?" Wanawake walioketi karibu wakacheka, nami nikalazimika kunyamaza, kwa sababu hawakujua tunazungumzia nini na nilikuwa bado nimefungwa na ahadi.

Siku ya tatu nikaenda nyumbani kwake saa kumi alasiri, nikakaa mlangoni, nikamwambia siondoki.

"Kaa," akasema. "Mlango hauna kodi." Akaniletea chai. Alijua ninachotaka na mimi nilijua atakachojibu. Akajibu hata kabla sijauliza: "Mimi ndiye niliyewaambia ni faana. Hakuna faana, hakuna ngamia. Wamefuata, hawakuona. Sasa unataka nini?"

Halafu nikakumbuka kisa anachokipenda, anachokisimulia kila akipata mgeni. Nikamwomba anisimulie habari ya yule ngamia jike wa babu aliyepotea.

Akanitazama kwa shaka, lakini kisa kilimshinda nguvu. Alikuwa msichana, hajaolewa. Ngamia bora wa babu alipotea akiwa na mimba. Wanaume walifuata nyayo siku mbili, nyayo zikaingia kwenye mawe, upepo ukavuma, zikaisha. Wakarudi wakasema ameliwa, au ameibwa, hata wakaanza kubishana ni ukoo gani umeiba. Yeye akaenda peke yake asubuhi, kwa sababu alijua yule ngamia anapenda kichaka fulani chenye kivuli. Akamkuta amepiga magoti ndani ya miiba, karibu kuzaa, kimya kabisa.

"Nikapita kwa miiba nikamshika nundu," akasema, na mkono wake ukainuka ukashika nundu hewani.

"Na nyayo?"

"Nyayo gani? Upepo umefagia kila kitu, na yeye amelala pale hasogei. Ataacha nyayo vipi?"

"Sasa wale wanaume wangekuja wakuambie hakuna ngamia hapa, kwa sababu hawaoni nyayo. Ungewaambia nini?"

"Ningewaambia ni wajinga. Mkono wangu si uko kwa nun..."

Hakumaliza. Mkono ulikuwa bado hewani. Akaushusha pajani, akalinyoosha dera lake pale lilipokuwa limekunjika, akalinyoosha tena. Nje mtu alipita na mbuzi wake akiwapigia mluzi.

"Wewe ni mjanja mbaya," akasema mwishowe.

"Ni sista atakayekushika, si yule kijana. Nimeshamwomba."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Ndani. Natafsiri."

"Mimi Kiswahili najua."

"Basi nitakaa kimya."

"Hiyo hutaweza," akasema, na kwa mara ya kwanza siku tatu zile akacheka.

Sista alitupokea bila maneno mengi. Alifunga mlango, akapasha mikono yake kwa kuisugua, akauliza swali lile lile la kwenye fomu. Nilifungua mdomo. Shangazi akanipita, kwa Kiswahili: "Niko nayo. Hapa. Tangu kabla ya Ramadhani. Huyu alijua, nilimkataza, usimlaumu." Sista akafuta alama ya zamani kwenye fomu kwa mstari mmoja, akaweka nyingine, akaandika sahihi yake pembeni. Ndipo akashika. Alimweleza kila anachofanya kabla hajakifanya, sasa nazunguka hivi, sasa naingia kwapani, na shangazi akatazama dari akijibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anayehesabu mifugo ikiingia zizini.

Skani ilifanyika hapa hapa Isiolo. Kwa sindano ya kutoa kipande ilibidi tupande Meru, kwenye baridi, shangazi amevaa masweta mawili na mtandio juu yake. Alisema sindano ile haikuuma kama baridi. Majibu tuliyangoja karibu majuma matatu. Katika majuma hayo nilipima maziwa vibaya mara mbili na hakunigombeza hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Daktari aliyetusomea alikuwa mwanamke mtu mzima, alivua miwani kwanza. Akasema ni saratani. Ni ndogo, iko kwenye titi, na kuna tezi moja ya kwapa wanayoishuku. Inatibika, lakini si ya kungoja. Watakata titi, halafu kutakuwa na dawa za mshipani kwa miezi, halafu vidonge kwa miaka.

Shangazi alisikiliza yote bila kunigeukia. "Nitarudi kazini lini?"

Daktari akamweleza.

"Basi toa," shangazi akasema.

"Mama, unaweza kwenda kwanza uzungumze na familia."

"Familia ndiyo hii imekaa hapa inalia. Toa."

Akaweka kidole gumba kwenye fomu ya ruhusa. Mimi ndiye niliyeomba kitambaa.

Sitasema sana kuhusu miezi iliyofuata. Titi lilikatwa, dawa zikafuata, na ilikuwa mirefu. Kuna dawa iliyomfanya achukie harufu ya moshi, na mitungi yetu yote tunaifukiza kwa moshi, kwa hiyo hakuweza kukaribia kituo. Nywele zilienda. Wanawake walikuwa wanakuja kwa zamu na supu ya mbuzi, na kila mmoja akifika alinong'ona na mimi uani, nimeona kitu hapa, hebu shika, na mimi nikawa nawapeleka kwa sista, mmoja leo, wawili wiki ijayo. Wengi hawakuwa na chochote. Mwanamke mmoja alikuwa na uvimbe wa maji tu, akarudi akicheza mpaka kona ya msikiti. Kila niliyempeleka nilimwambia kwa Kiborana maneno yale yale: damu inatafuta nyayo, mkono unatafuta ngamia mwenyewe, usikubali kimoja kikunyime kingine. Mwaka huo pia nilijiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Shangazi ndiye aliyenituma, kwa maneno haya: "Kidato cha pili kimetuponza na neno moja. Nenda ukamalize."

Majuzi, dawa za mshipani zikiwa zimekwisha na nywele zimeanza kuota fupi kama za mtoto, sista alikuja nyumbani Wabera akiwa na kisanduku chake cha barafu. Alikunywa chai, akauliza habari za kila mtu, mpaka shangazi akamwambia, "Sema, sista. Hukutembea jua hili kwa chai yangu."

Sista akasema watafiti wanaomba ruhusa yake. Ile damu ya kwanza, iliyosema hakuna kitu, bado imehifadhiwa kwenye friza ya maabara. Wanataka kuipima upya, na kuchukua nyingine leo walinganishe.

"Kwa nini ile? Si ilikosea."

"Ndiyo maana, mama. Iliyopata haiwafundishi sana. Iliyokosea ndiyo wanataka kujua ilikosea wapi. Pengine uvimbe ulikuwa mdogo bado. Pengine walikuwa wanatafuta protini zisizo zake. Hatujui bado."

Shangazi alifikiri. "Kwa hiyo niliwashinda."

"Uliwashinda."

"Na yule mwingine, atakayepata ujumbe kama wangu, halafu hana mtu wa kukaa mlangoni kwake?"

Sista akaweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Huyo ndiye aliyenileta hapa," akasema.

Shangazi akakunja mkono wa dera, wa kulia. "Huu. Wa kushoto, wa upande mliokata, mlisema usichomwe tena." Sista alipofunga mpira juu ya kiwiko, akaongeza, "Chukua ya kutosha. Lakini wakijua kwa nini damu yangu ilinyamaza, nataka kuambiwa. Si kwa simu. Mtu aje, akae hapo ulipokaa, aniambie."

"Nitakuja mimi."

"Na ukija bila jibu, uje hivyo hivyo."

Damu ikapanda kwenye mrija. Sista alikuwa na mikono miwili kazini, kwa hiyo akaniambia niandike saa na dakika kwenye karatasi ya kubandika. Nilitazama simu, nikaandika. Nikatazama tena kuhakikisha. Shangazi alikuwa ameinamisha shingo anafuata kalamu yangu, yeye asiyejua kusoma, herufi moja baada ya nyingine.

"Andika vizuri, intala," akasema. "Hiyo ni mimi."